SWICHI YA KITI CHA GARI LA MRADI: SOMO KWA KAMATI ZA SHARIKA



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za visima, vikundi vya kuweka na kukopa, na miche ya miti. Somo la safari hii linahusu kitu kinachoenea kiganjani: swichi inayosogeza kiti cha dereva. Kamati za sharika mbili za katikati ya jiji la Dar es Salaam zilituuliza juu ya jambo hili, na gari la idara yetu nalo likapata hitilafu hiyohiyo. Tumeona ni vema kuliandika kwa urefu kidogo, kwa sababu linagusa usalama wa watu, fedha za miradi, na namna tunavyonunua vitu sokoni.

Magari mengi yanayofika katika sharika zetu siku hizi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani au Uarabuni. Yana viyoyozi, madirisha ya umeme na viti vya umeme. Tunayapokea kwa shukrani. Lakini kila kinachoendeshwa kwa umeme kina siku yake ya kugoma, na siku hiyo huwa haitangazwi.

Kwa nini jambo hili si la anasa

Gari tunalolizungumzia hutumiwa na watu watatu kwa zamu. Mmoja wao ni dereva mrefu, wa pili ni mratibu, na wa tatu ni muuguzi wa huduma ya mama na mtoto ambaye ana leseni na huendesha mwenyewe dereva anapokuwa likizo. Muuguzi huyo ni mfupi. Kiti kilipokwama nyuma kabisa, alianza kuweka mto mgongoni ili miguu ifike kwenye breki.

Mto ni hatari. Unapokanyaga breki kwa nguvu, unajisukuma nyuma kwa mguu wako mwenyewe. Mto unabonyea, mguu unapungukiwa na urefu wakati uleule unapouhitaji. Mkanda nao haukai sawasawa begani na kiunoni. Tulipoligundua jambo hili tulimzuia kuendesha, na matokeo yake ziara mbili za kliniki ziliahirishwa. Akina mama walikuwa wameshatangaziwa siku. Ndiyo maana tunasema swichi hii si jambo la starehe ya dereva.

Ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa kubadilisha kiti kizima. Wa pili ulikuwa kuagiza swichi mpya kutoka nje. Fungu letu la matengenezo ya gari lilipangwa kwa ajili ya matairi, oili na breki, na wafadhili waliolichangia walilijua hivyo. Tukaamua kwanza kujua kinachoumwa ni nini.

Jinsi kiti kinavyosogea

Chini ya kiti kuna mota ndogo zinazotumia umeme wa volti 12 wa betri ya gari. Moja husogeza kiti mbele na nyuma. Nyingine hulaza na kuinua mgongo. Katika magari ya hadhi zaidi huwapo pia mota za kupandisha na kushusha sehemu ya kukalia, mbele na nyuma, hata kufikia mota nne katika kiti kimoja.

Kila mota ina nyaya mbili. Umeme ukiingia kwa waya wa kwanza na kutokea wa pili, mota huzunguka upande mmoja. Ukiingia kwa waya wa pili na kutokea wa kwanza, mota huzunguka kinyume. Kazi ya swichi ni kugeuza njia hiyo, basi.

Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo, maana ndipo palipo na ufunguo wa somo zima. Katika magari mengi, swichi ikiwa haijaguswa, nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na ethi, yaani na bodi ya gari. Ukibonyeza kwenda mbele, waya mmoja hutoka kwenye ethi na kupewa umeme wa betri, na wa pili hubaki palepale kwenye ethi. Ukibonyeza kwenda nyuma, hubadilishana kazi. Maana yake ni kwamba kila mwendo unahitaji vigusano viwili vizuri ndani ya swichi: kimoja cha kuleta umeme, kingine cha kuurudisha.

Kwa hiyo kiti kinachokubali kurudi nyuma na kukataa kwenda mbele kina mota nzima. Mota imeshathibitisha kwamba inazunguka. Hitilafu iko kwenye swichi, na ni moja kati ya mbili: ama kigusano cha umeme cha upande mmoja kimeungua, ama kigusano cha ethi cha upande wa pili kimeshika kutu. Mafundi wengi huangalia cha kwanza tu. Wakikikuta kinang'aa wanasema swichi ni nzima, kisha wanakuuzia mota usiyoihitaji.

Kinachoharibu vigusano ni cheche. Mota ya kiti huvuta ampia kadhaa, na huvuta nyingi zaidi inapogota mwisho wa reli. Dereva anayeendelea kubonyeza baada ya kiti kufika mwisho anaichoma swichi bila kujua. Hapa Dar es Salaam tuna maadui wengine pia. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Magari yetu yana usukani upande wa kulia, na swichi ya kiti cha dereva hukaa ubavuni mwa kiti, upande wa mlango, mahali hasa ambapo mvua huingia dirisha likisahauliwa wazi, na ambapo vijana wa kuosha magari huelekeza mpira wa maji. Ongeza chai iliyomwagika, soda, na vumbi la barabara za pembezoni. Ukifungua swichi ya namna hiyo utakuta ute mweusi wa grisi iliyochanganyika na vumbi, na kutu ya kijani juu ya shaba.

Magari yaliyowahi kusimama kwenye maji ya mafuriko ni habari nyingine. Wakazi wa bonde la Msimbazi na Jangwani wanakumbuka Desemba 2011 na mafuriko mengine yaliyofuata. Gari lililoingia maji hadi kwenye viti lipelekwe kwa fundi umeme wa magari. Msianze kulifungua wenyewe, kwa sababu swichi itakuwa ndilo tatizo dogo kuliko yote.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Kamati inayotaka kuokoa fedha ianze kwa kukaa kimya ndani ya gari lililozimwa injini na kubonyeza swichi kila upande. Katika magari mengi kiti husogea hata bila ufunguo.

Ikiwa hakuna kinachofanya kazi kabisa, mwendo wowote, angalieni fyuzi kwanza. Katika magari mengi ya Toyota imeandikwa P/SEAT kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi, na mara nyingi ni ya ampia 30. Ikiwa imeungua, wekeni nyingine ya kiwango kilekile. Ikiungua tena, acheni. Kuna waya uliochubuka na kugusa bodi, na fyuzi inafanya kazi yake ya kuzuia moto. Kuna watu huweka waya wa shaba mahali pa fyuzi. Tumeuona katika gari moja la usharika, na tunasema wazi kwamba ni afadhali kiti kisisogee.

Ikiwa mota inanguruma lakini kiti hakisogei, tatizo ni la gia au reli. Chukueni tochi mtazame chini ya kiti. Sisi tulikuta chupa ya maji, kalamu mbili, sarafu, na kipande cha mahindi ya kuchoma kilichokauka kama jiwe. Chupa peke yake inatosha kuzuia reli.

Ikiwa mwendo mmoja umekufa pande zote mbili na mingine inafanya kazi, inaweza kuwa mota au swichi. Hapo mtahitaji mita. Na ikiwa ni upande mmoja tu wa mwendo mmoja uliokufa, kama kiti chetu kilichokubali kurudi na kukataa kuja mbele, basi mmeshajua: ni swichi.

Gari lenye kiti kinachokumbuka mahali pa dereva, lile lenye vitufe vilivyoandikwa 1 na 2, lina kompyuta yake ndogo kati ya swichi na mota. Somo hili halilihusu.

Tahadhari ya mifuko ya hewa

Kabla ya bisibisi kugusa kiti, ng'oeni waya wa hasi wa betri. Kisha subirini. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinaagiza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa sehemu zinazohusiana na mfuko wa hewa, kwa kuwa mfumo huo huhifadhi umeme wa akiba hata betri ikiwa imetolewa. Viti vingi vya siku hizi vina mfuko wa hewa ubavuni, na chini yake kuna nyaya za mkanda na za kipima uzito. Soketi zake kwa kawaida ni za rangi ya njano. Msizichomoe, msizipime kwa mita, msizivute. Mfuko wa hewa ukilipuka karibu na uso wa mtu unaweza kumuumiza vibaya.

Mfanyakazi awe mtu mzima, na asiwe peke yake. Hili tumeliweka kama sharti kwa vijana wa sharika wanaojifunza kwetu.

Kupima

Baada ya kusubiri, toeni vifuniko vya vitufe vya swichi kwa kuvivuta taratibu, kisha skrubu za kava la ubavuni. Katika magari mengi hakuna haja ya kung'oa kiti. Kava likishatoka mtaona swichi na soketi yake. Msichomoe kitu bado. Rudisheni waya wa betri, kisha pimeni mkiwa mmeacha soketi mahali pake, kwa kuingiza ncha za mita kwa nyuma, kwenye nyaya mbili zinazokwenda kwenye mota iliyogoma.

Wekeni mita kwenye volti. Ncha nyeusi iguse chuma safi cha bodi. Mmoja abonyeze upande uliokufa, mwingine apime waya mmoja mmoja. Swichi nzima ingeonyesha takriban volti 12 kwenye waya mmoja na karibu sifuri kwenye wa pili. Ikiwa nyaya zote mbili zinaonyesha sifuri, umeme haupiti: kigusano cha kuleta umeme ndicho kibovu. Ikiwa zote mbili zinaonyesha 12, umeme umefika, umepita ndani ya mota, na umekosa njia ya kutoka: kigusano cha ethi ndicho kibovu. Na ikiwa vipimo ni sahihi kabisa, 12 na sifuri, lakini mota haizunguki, basi mota au soketi yake ndiyo mgonjwa.

Kwetu zilionyesha 12 zote mbili. Vijana wanne waliokuwa wakijifunza siku ile walibishana kwa dakika kumi kwamba mita imeharibika. Tuliwaacha wabishane, kwa kuwa mtu akishaielewa hesabu hiyo ya 12 na 12 mwenyewe, hataisahau, na madirisha ya umeme mengi yanafuata mtindo huohuo.

Kufungua na kusafisha

Ng'oeni tena waya wa betri na msubiri kama mwanzo. Pigeni picha kwa simu: soketi, rangi za nyaya, upande wa swichi ulioelekea juu. Chomoeni soketi kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta nyaya.

Ndani ya swichi kuna springi ndogo na, katika baadhi ya aina, vijigololi vya chuma visivyozidi ukubwa wa punje ya mtama. Vitaruka. Fungueni ndani ya beseni pana lililotandikwa kitambaa cheupe. Zamani tungesema ndani ya mfuko mwangavu wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na beseni ni zuri zaidi hata hivyo. Bonyezeni ndimi za plastiki pande zote taratibu, kwa bisibisi nyembamba, maana plastiki ya miaka 15 huvunjika kama biskuti.

Pigeni picha tena kabla ya kutoa kitu chochote. Kisha toeni vibati vya shaba kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio uleule.

Futeni grisi nyeusi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi. Mafuta ya taa na petroli hayafai: huacha utando, hushambulia baadhi ya plastiki, na ni hatari ya moto. Kutu nyepesi hutoka kwa raba ya kufutia penseli. Kovu la cheche huhitaji msasa laini kabisa, ule wa kulowesha wa namba 1000 au zaidi, na mkono mwepesi. Lengo ni kufikia shaba safi na kuishia hapo. Ukizidisha, unaondoa unene ambao swichi inauhitaji, na umefupisha maisha yake kwa mikono yako.

Kigusano kilichochimbika hadi kuwa na shimo, au plastiki iliyoyeyuka pembeni yake, hakisafishiki. Hapo ndipo safari ya Kariakoo inapoanza.

Kikiwa kinafaa, pakeni grisi maalumu ya vigusano vya umeme, kidogo sana, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kwa swichi nzima. Grisi ya beringi msiitumie. Rudisheni kila kitu kwa kufuata picha. Kabla ya kufunga garini, pimeni kwa mita upande wa omu: swichi ikiwa imetulia, nyaya zote mbili za mota zisome karibu sifuri kuelekea mguu wa ethi, mkibonyeza, mmoja uhamie kwenye mguu wa umeme. Jaribuni mara kumi. Ikikosea mara moja katika kumi, fungueni tena.

Safari ya Kariakoo na Gerezani

Msiende na gari. Kupata nafasi ya kuegesha Kariakoo ni kazi ya asubuhi nzima. Wekeni swichi kwenye mfuko, pandeni basi la mwendokasi hadi kituo cha Gerezani, na mtakuwa mmefika katikati ya maduka ya vipuri na mafundi wa chuma. Wengine huenda Ilala, Mtaa wa Shauri Moyo, kwenye vipuri vilivyokwisha kutumika. Eneo hili lote lina desturi ndefu ya kuhudumia usafiri wa mizigo na watu. Hata jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Chukueni swichi yenyewe, si picha. Nyuma yake kuna namba iliyochapwa kwenye plastiki. Ifananisheni tarakimu kwa tarakimu. Hesabuni miguu ya soketi. Kisha angalieni upande. Vipuri vingi hupitia Dubai, na magari ya huko yana usukani wa kushoto. Swichi ya dereva wa huko imetengenezwa kwa ubavu wa kushoto wa kiti. Sura zinaweza kufanana kabisa, lakini vitufe vimekaa kinyume na nyaya huenda zimepangwa tofauti. Muuzaji mwenyewe huenda asijue.

Nendeni na mita yenu na mwombe kupima juu ya kaunta. Muuzaji mzuri atakubali, na wengine watafurahi kumwona mama wa kamati ya usharika akipima vigusano. Anayekataa tunamshukuru na kusonga duka la pili.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotusumbua kuliko umeme wote.

Swichi iliyotumika bila risiti hupatikana kwa bei ya chini sana, mara nyingi mkononi mwa kijana asiye na duka. Iliyo dukani, yenye risiti ya mashine ya EFD, inagharimu zaidi. Katika kamati yetu mjumbe mmoja alisema fedha ni za Mungu, kwa hiyo tununue rahisi. Mwingine alisema fedha ni za Mungu, kwa hiyo tununue penye risiti. Walikuwa wote wawili na hoja, na kikao kilichukua muda.

Mwenye kuishi Dar es Salaam anajua kwamba vioo vya pembeni, taa na vifaa vya ndani ya magari huibwa. Ndiyo maana wenye magari huchora namba za usajili kwenye vioo na taa zao. Swichi ya kiti haichorwi. Ikishatoka garini haina jina la mwenyewe. Jirani yetu wa benchi moja kanisani anaweza kuwa ndiye aliyeikosa asubuhi, na sisi tukainunua jioni kwa furaha ya kuokoa fedha za mradi. Tulikumbushana pia fundisho la Luka 16 juu ya uaminifu katika mambo madogo. Tukakubaliana hivi: kipuri cha mradi kinunuliwe kwenye duka la kudumu, kwa risiti, na swichi ya zamani ibaki na kamati kama ushahidi. Pasipo risiti hatununui, hata kama gari litasimama wiki moja zaidi.

Tunawaeleza wafadhili jambo hili kwa makusudi. Mkiona katika hesabu zetu bei ya kipuri iliyo juu kuliko ile mtu aliyokuambieni mtaani, mara nyingi tofauti hiyo ndiyo gharama ya kutonunua kitu cha wizi, pamoja na kodi halali. Mashine za EFD zimetumika nchini tangu 2010, na risiti yake huhakikiwa. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono haina nguvu hiyo.

Safari yetu wenyewe ilikuwa ya kulinganisha bei tu. Kigusano chetu cha ethi kilikuwa na kutu bila shimo, kikasafishika. Spiriti, karatasi moja ya msasa na grisi havikufikia nauli ya wajumbe waliohudhuria kikao kile.

Kwa kamati zinazopokea magari

Tuna neno moja kwa ndugu zetu wanaofikiria kutupatia gari. Kiti cha kusogeza kwa mkono, chenye mtaimbo wa chuma chini yake, hakijawahi kuhitaji mita. Mkituuliza tunachopendelea, ni gari la kawaida lenye vitu vichache vya umeme na vipuri vinavyopatikana Gerezani. Hatusemi hivyo kwa kukosa shukrani.

Kwa sharika zenye vijana wanaopenda kazi hii, wapelekeni wasomee. Mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya 1994, na chuo chake cha Chang'ombe kiko karibu na katikati ya jiji. Kijana mmoja mwenye cheti cha umeme wa magari ataisaidia jimbo nzima, na baadaye atajipatia riziki.

Yako mambo ambayo kamati isiyaguse hata ikiwa na mita: breki, usukani, mikanda, mifuko ya hewa, na bolti zinazoshika kiti kwenye sakafu. Ikilazimu kiti kitolewe, afanye fundi mwenye ujuzi na azikaze kwa kipimo kinachotakiwa, maana kiti kilicholegea huruka pamoja na aliyekikalia.

Katika daftari la gari andikeni tarehe, hitilafu, vipimo vya mita, jina la aliyefanya kazi na aliyesimamia, na bandikeni risiti ukurasa huohuo. Wa kwetu una mistari sita. Chini yake tumeongeza maelekezo mawili kwa madereva: waachie kitufe kiti kikifika mwisho, na mwosha magari asielekeze mpira wa maji ubavuni mwa kiti.

Muuguzi alirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Zile ziara mbili zimepangiwa tarehe mpya na kutangazwa tena kupitia wazee wa kanisa wa mitaa husika. Usharika wenye swichi mbovu iliyokwisha kubadilishwa tunaomba msiitupe. Ileteni ofisini pamoja na namba ya aina ya gari, kwani springi na vijigololi vyake hutumika kukamilisha nyingine, na vijana wanahitaji za kufanyia mazoezi.